Rufaa Niliyoiua kwa Kichina Changu

Naona haya kuyasimulia, lakini heri myasikie kwangu mwenyewe. Nasoma chuo hapa Guangzhou, na Kichina changu nilikisifia mno. Ndiyo maana wafanyabiashara sita wa Kitanzania walinifanya mkalimani wao walipowashtaki mawakala kumi na tisa wa mizigo, waliokula njama wakabadilisha nguo zao kwa matambara. Tulishindwa, tukakata rufaa. Mmoja wao, Mama Salome wa Kahama, alipotaka tutafute wakili, nilimkatiza: "Wakili wa nini, mama, nami nipo?"

Wiki iliyopita mtu mmoja alinifuata mtaani Xiaobei na fomu, akasema ametumwa na mahakama tuthibitishe rufaa. Nililiona neno "rufaa". Yaliyolitangulia sikuyasoma, nikiona aibu kusoma polepole mbele yake kama mtoto wa chekechea. Nikawasainisha wote sita, nami nikasaini chini.

Jana tulikuwa dukani kwa Mama Salome, jengo la Tianxiu, karani wa mahakama akapiga simu. Nikaweka spika kwa madaha. Nilipomsikiliza, nikamwomba arudie.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema... rufaa imeondolewa. Mahakama imeshakubali. Kesi imekwisha."

"Nani kaiondoa?"

Ilinibidi nimuulize karani. Akasoma kutoka kwenye ile fomu majina sita ya wenzangu, akiyavunjavunja. Kisha akasoma la saba, la mkalimani, taratibu na kwa usahihi. Hilo halikuhitaji tafsiri.