Nilimchora karani wa kahawa akawa jino tupu, kesho yake mzigo wa mama ukafika mbele yake

"Unamcheka mwenye jino, au wanaompelekea punje?"

Wakuu, habari za saa hizi. Hilo swali niliulizwa mbele ya watu kama thelathini kwenye ghala la kahawa, huku Mbozi, kata ya Ruanda. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga sijapafuta.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani, nahoji kila kitu hadi sala ya chakula. Nikawa naandika vihadithi vya kuchekesha na kuviweka kwenye group la kijiji.

Sasa kuna karani wa chama chetu cha ushirika, tumwite Mzee Haonga, si jina lake. Kazi yake ni kupokea kahawa. Anachota punje kwenye gunia, anaimenya ganda kwa ukucha, anaing'ata. Ikilia ka, imekauka, inapokelewa. Jino likizama, rudi nayo nyumbani ukaanike tena.

Hakuna rufaa.

Ikanikera. Watu wazima, jasho la mwaka mzima, halafu hukumu inatoka kwenye gego la mtu mmoja?

Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kumchora mtu kwa kejeli, chukua kitu chake kimoja, kikuze mpaka kimfunike, na hicho ndicho kitabeba dhamira. Nikamwita Bwana Gego. Asubuhi anang'ata kahawa. Mchana anang'ata cheti cha mwalimu mpya kuona kama kimeiva. Jioni bwana harusi anamletea pete aing'ate kwanza. Mwisho anaugua jino, na kijiji kizima kinakaa ndani hakijui kama kumekucha.

Group lilicheka siku nzima.

Nilichosahau ni kwamba mama alikuwa hajapeleka kahawa yake. Magunia sita, na lori la mwisho la msimu linaondoka kesho yake mchana. Yakikataliwa, yanabaki kwa walanguzi, na walanguzi mnawajua.

Tulipofika, watu wakatupisha hadi mbele. Nikamwamkia Mzee Haonga, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akachota punje kwenye gunia la kwanza, akamenya. Badala ya kuipeleka mdomoni, akaninyooshea mimi.

"Ng'ata wewe, msomi."

Mama alikuwa ananitazama tu. Nikasema, mzee, mimi sijui. Jamaa mmoja nyuma akachomekea, "Bwana Gego kapata naibu." Watu wakacheka kidogo, wakakatisha.

Nikang'ata. Nikisema imekauka, nampendelea mama mbele ya kila mtu. Nikisema bado, nimemmaliza.

"Sijui," nikarudia.

Ndipo akaniuliza lile swali. Kisha akaongeza taratibu, "Kwenye hadithi yako wote wanacheka, mwanangu, hakuna anayeuliza kwa nini ni jino. Na wewe uliyeandika hukuuliza."

Akang'ata punje za magunia yote sita, moja moja. La tano jino lilizama, nililiona kwa macho yangu. Mama akashika fundo la khanga yake kifuani.

"Pandisheni yote," akawaambia wapakiaji.

Mama alitangulia kurudi nyumbani.

Nilichojifunza: kumkuza mtu ni kazi rahisi. Mhusika wa kuchekesha akibebeshwa ubaya wote peke yake, dhamira inakufa, kwa sababu msomaji anamcheka na kwenda zake akiwa msafi. Bwana Gego hakuwa na kasoro kama mchoro. Kasoro ilikuwa wanakijiji wangu, niliowaacha hawana hata sura. Nilipaswa kuwachora na wao, na mama, na mimi mwenyewe.

Mnaoandika humu, jirani yako unamchora wazi au unamficha? Na kama kuna aliyewahi kuchorwa, ulijisikiaje? Nipingeni tu, nipo hapa.

Nyongeza: miaka mitatu baada ya siku ile, katibu mpya wa chama aliniomba nimchapie mihtasari ya vikao vya zamani. Humo ndimo nilipokuta kwamba kipima unyevu wa kahawa, mashine ya kufanya kazi ya lile jino, kilishanunuliwa kabla ya hadithi yangu, aliyekiomba akiwa Mzee Haonga mwenyewe, na wanachama wakapiga kura kifungiwe kabatini kwa sababu hakina huruma.

Mtoa hoja alikuwa mama.