Kipimo Mikononi mwa Wauguzi

Mwenyekiti wa Chama cha Wataalamu wa Usemi na Usikivu alikuwa na tabia moja iliyowasumbua wageni na kuwafaa wagonjwa: akimwuliza mtu swali, alingoja jibu. Aliweka mikono mapajani, akamtazama mwenzake kwa upole, na kimya akakiacha kikae chumbani kama mgeni wa tatu. Mtoto mwenye kigugumizi alipata nafasi ya kulitafuta neno lake na kulitoa likiwa zima. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, aliwaonya wageni wa nyumbani mapema. "Mke wangu akikuuliza kama utakunywa chai, jibu upesi," aliwaambia. "La sivyo atakungojea mpaka ipoe."

Ujanani hakuikusudia kazi hii. Alitaka kuwa mtangazaji wa redio, lakini alipofika chuoni alikuta nafasi za utangazaji zimejaa, akaandikishwa katika darasa la usemi na usikivu, lililokuwa na viti vingi kuliko wanafunzi. Baba yake alipopata habari hiyo alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ulitaka kusema na taifa zima, mwanangu," alimwambia. "Sasa utasema na mtu mmoja mmoja." Binti alinuna likizo nzima. Aliporudi chuoni alipewa mgonjwa wake wa kwanza, mzee aliyepoteza usemi kwa kiharusi, na siku mzee huyo alipofanikiwa kulitamka jina la mkewe, hamu ya redio ilimtoka isirudi tena.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa ujia wa hospitali, kikipakana na chumba cha kufulia. Kwa kuwa mashine za kufulia hazikuijua heshima ya chumba cha kupimia masikio, alikuwa amezibandika trei tupu za mayai ukutani ili zipunguze kelele. Palikuwa na viti viwili vidogo, kioo kilichotundikwa kwa kimo cha mtoto, na sanduku la njuga na kengele. Humo ndimo alimojifunza kuyachukia maneno haya: "Huyu ni mkaidi tu, ukimwita haitiki." Kwa kawaida mama aliyeyasema alikuwa na mtoto wa miaka minne, na mara nyingi ilionekana kuwa mtoto huyo hasikii tangu kuzaliwa. Miaka ambayo lugha huingia yenyewe bila kubisha hodi ilikuwa imekwisha kupita.

Dawa ya jambo hilo aliijua. Kulikuwa na kifaa cha kushikwa mkononi, chenye waya mwembamba na kizibo laini cha kutiwa sikioni mwa mtoto akiwa amelala. Taa ya kijani ikiwaka, sikio limeitika; ikiwaka ya njano, mtoto anahitaji kuchunguzwa zaidi. Tangu wenzake walipomchagua kukiongoza Chama, alitaka kitu kimoja: kila mtoto mchanga apimwe kabla hajatoka wodi ya wazazi. Muhula wake ulikuwa ukingoni, na ombi hilo lilikuwa limekwisha kukataliwa mara mbili.

Mara ya tatu alikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali akiwa na katibu wa Chama, mtu mwenye elimu nzuri na moyo mzuri, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu alikosa kitufe cha kumzima. Redio alieleza faida, gharama na mifano, na alipomaliza akaanza kuieleza mifano upya. Mkurugenzi alivua miwani.

"Ombi lenu ni zuri," alisema. "Lakini wakati wake bado."

Redio alifungua kinywa. Mwenyekiti alimkanyaga kiatu chini ya meza, kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Mheshimiwa, ni nini hasa kinachokuzuia?"

Akaweka mikono mapajani. Mkurugenzi aliizungusha kalamu yake. Alitazama dirishani. "Bajeti," alianza, akaliacha neno hilo njiani, wala mwenyekiti hakuliokota. Redio alikuwa amekaa kama mtu anayezuia chafya.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema mkurugenzi hatimaye. "Fedha ningezitafuta. Tatizo ni matroni. Amesema mpango wenu ukipita, wauguzi wake hawataugusa. Nami siwezi kuiendesha wodi ya wazazi bila matroni."

Nje, Redio alikiinamia kiatu chake na kukifuta. "Mwenyekiti, hiki nimekinunua juzi tu."

"Samahani, bwana katibu. Nilikuwa natafuta breki."

Mwenyekiti alimkuta matroni katika ofisi yake kando ya wodi, akihesabu mashuka yaliyotoka kufuliwa.

"Karibu, mwenyekiti wa masikio," alisema matroni bila kuinua macho. "Leo umekumbuka kuwa nipo?"

"Nimechelewa, dada. Lakini nimekuja."

"Basi uliza ulichokuja kuuliza. Ila usininyamazie. Nimesikia unavyowakausha watu mpaka waseme."

Mwenyekiti alishindwa kujizuia, akacheka, na matroni naye akatabasamu kidogo kabla hajakunja uso tena.

"Mpango wenu unasema kifaa kitashikwa na mwanachama wenu peke yake," aliendelea matroni. "Hapa mko wangapi?"

"Wawili."

"Na watoto huzaliwa wakati gani?"

"Wakati wote."

"Kwa hiyo muuguzi wangu amzalishe mama, amwogeshe mtoto, amlaze, amtayarishe, kisha asimame mlangoni akiwangojea nyinyi mje kubonyeza kitufe. Sisi tumekuwa watwana wenu?"

Sharti lile halikuwekwa kwa majivuno. Miaka ya nyuma, walaghai walikuwa wakipima watu masikio sokoni na kuwauzia vifaa visivyofaa, na Chama kilipigana sana mpaka kazi hiyo ikawa ya wenye ujuzi. Mwenyekiti alimweleza matroni hayo yote. Kisha akasema, "Wauguzi wakifundishwa na kukishika kifaa wao wenyewe, utakubali?"

Matroni aliweka shuka chini. "Wafundishwe ndani ya saa zao za kazi, siyo siku zao za kupumzika. Na taa ikimwakia mtoto njano, mumpokee siku hiyo hiyo. Sitaki mama aambiwe arudi baada ya miezi."

"Nitawauliza wenzangu."

Ugumu ulikuwa hapo. Katika mkutano mkuu aliyesimama kumpinga ni Redio mwenyewe, kwani sharti lile alikuwa ameliandika yeye.

"Tunavunja ukuta tulioujenga kwa jasho," alisema, na safari hii alisema kwa ufupi. "Leo tunawapa kipimo. Kesho watu watauliza kama sisi bado tunahitajika."

Wengi waliitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Mwenyekiti alijua kwamba wakikataa, ombi limekufa, na muhula wake nao umekwisha.

"Hofu ya katibu ni ya haki," alisema. "Sitamwambia hana sababu. Lakini tazameni nani wanaokuja kwetu sasa. Wanakuja walioachwa na gari. Watoto wote wakipimwa, taa za njano zitakuwa nyingi kuliko tunavyoweza kuzihudumia, na kazi hiyo hakuna atakayeiweza ila sisi. Anayetaka kipimo kibaki mkononi mwetu aniambie jambo moja: wale tusiowafikia, wangoje nani?"

Akanyamaza. Kiti kililia mahali fulani, mtu akakohoa. Alipoitisha kura, mikono ilipanda mmoja mmoja, na wa Redio ukapanda mwisho.

"Iandikwe," alisema, "kwamba mkono wangu umepanda shingo upande."

Ukumbi ukacheka, na aliyeandika alikuwa yeye mwenyewe.

Mkurugenzi alizipata fedha, na wauguzi wakafundishwa. Asubuhi ya kwanza ya upimaji, mwenyekiti alisimama kwenye mlango wa wodi, mikono nyuma. Muuguzi alikitia kizibo sikioni mwa mtoto wa kwanza, kikakaa upande. Mwenyekiti alipiga hatua.

"Hapo ulipo panakufaa," alisema matroni.

Akarudi. Muuguzi alikitoa kizibo, akakifuta, akakitia vizuri. Kijani. Kitanda cha pili, kijani. Hakuna aliyegeuka kumwuliza mwenyekiti chochote, naye alishangaa jinsi jambo hilo lilivyompendeza.

Kwenye kitanda cha dirishani taa iliwaka njano. Muuguzi alipima tena, ikawa ile ile. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, hii haisemi kuwa mwanao hasikii. Inasema apimwe kwa utulivu zaidi, leo leo. Atapimwa na yule pale mlangoni."

Mama alimfunika mtoto vizuri, akaja naye polepole. Mwenyekiti alikuwa hajawahi kumpokea mgonjwa mdogo kiasi hicho. Hata jina alikuwa hajapewa.

"Nimwamshe?" aliuliza mama.

"Mwache alale," alisema mwenyekiti, akimpisha atangulie. "Kwa huyu, tuna wakati."