Nafasi Moja ya Kwenda Embu

Sababu ya safari yangu ilikuwa barua fupi iliyofika shuleni kwetu Chuka, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Isiolo walikuwa na mashindano ya mitambo iliyobuniwa na wanafunzi, na kanuni zilidai majaji watatu, mmoja wao atoke nje ya wilaya. Mkuu wa shule alinitazama mimi, mwalimu wa fizikia, akasema, "Wewe unapenda kuuliza maswali. Nenda ukaulize huko." Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Isiolo nilikuwa naijua kwa ramani tu.

Alhamisi asubuhi nilifika Meru kwa basi, na kutoka hapo nikapata kiti cha mbele katika lori la viazi. Njiani, huko Subuiga, kulikuwa na baridi ya kukunja vidole, mashamba ya ngano kila upande. Kisha barabara ikaanza kuteremka, na kila baada ya mwendo mfupi nilivua kitu: shali, sweta, mwishowe soksi. Dereva alicheka hadi akakohoa.

"Madam, tukifika chini utabaki na nini?"

"Nitabaki na adabu zangu," nikamjibu.

Saa sita mchana tuliingia Isiolo, tukasimama kwanza kupisha mbuzi waliokuwa wakivuka barabara bila haraka yoyote. Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Galgalo wa idara ya mifugo, Mborana mrefu mwenye kucheka kwa macho, naye pia alikuwa jaji. Mkewe alinipa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Niliuliza moshi umeingiaje, akaniletea kibuyu na kijinga cha moto kunionyesha jinsi kibuyu kinavyofukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Niliomba kikombe cha pili, nusu kwa kiu, nusu kwa udadisi.

Hapo Bwana Galgalo akanieleza tatizo lililotungoja.

"Hii wilaya ni kubwa, madam. Ndiyo ikawekwa mikutano mbili, moja Merti, ingine hapa. Kila mkutano inatoa mtambo moja ya kwenda Embu, kwa mashindano ya mkoa. Sasa kuna shule ya hapa mjini, hao wako na gari. Walienda mpaka Merti, wakachukua nafasi ya huko. Na kesho wanakuja tena na mtambo ile ile."

"Kanuni zinasema nini?"

"Zimenyamaza."

Ijumaa saa mbili ukumbi ulikuwa umejaa. Mtambo wa shule ya mjini ulikuwa gari la waya lenye mota ya redio ya kaseti iliyoharibika. Likigonga ukuta, lilirudi nyuma lenyewe, likageuka, likaenda upande mwingine. Mtengenezaji wake, kijana Mturkana aitwaye Ekiru, alilifuata kwa magoti sakafu nzima, nami nikajikuta nimepiga magoti pia. Wavulana wa Garbatula walileta kengele ya zizi inayolia fisi akigusa uzi. Maelezo yao waliyatoa kwa Kiingereza cha kukariri, neno kwa neno, hata pumzi walivuta pamoja.

Lakini aliyenishika moyo alikuwa Talaso, msichana wa kidato cha nne kutoka Kinna. Mtambo wake ulikuwa lango dogo la mfereji wa shamba. Maji yakipanda, kopo tupu la mafuta ya kupikia linaelea, linavuta kamba, na lango linajifunga bila mtu kuligusa. Alianza kwa Kiingereza. Nilipouliza kwa Kiswahili kwa nini kopo na si kipande cha mti, naye akahamia huko bila kujua.

"Mti inakunywa maji, madam. Siku ya kwanza inaelea, siku ya tano iko chini. Hiyo shamba ya mama yangu ilioza hivyo."

Nilimuuliza atafanya nini akimaliza shule. Akasema walimu wa chuo cha ufundi huwa Embu siku ya mashindano, wakitafuta wanafunzi. "Nikifika wanione, labda. Nisipofika, hakuna mtu atakuja Kinna kunitafuta." Alisema hivyo bila kujihurumia, nami nikaamua moyoni kwamba lazima aende.

Saa nane mchana tulijifungia majaji watatu katika ofisi ndogo. Mwenyekiti wetu, Bwana Njogu, alikuwa mtumishi wa serikali aliyetoka Nyeri. Ilikuwa wazi hata bila kujumlisha kwamba gari la Ekiru limeshinda tena. Mkuu wa shule yake alikuwa ameshaleta ombi: kwa kuwa gari lina nafasi ya Merti, nafasi ya Isiolo ipewe mtambo wa pili wa shule yake. Bwana Njogu alipendelea nafasi hiyo ife tu. "Mimi sitaki barua ya lawama kutoka Embu," alisema.

Bwana Galgalo akatikisa kichwa. "Kisimani kwetu kuna mtu wa zamu, tunamwita aba herega. Ng'ombe wakishakunywa, hata wakiwa wa chifu, hawarudi kwa birika kama wengine wanangoja. Na zamu ikibaki wazi, maji haimwagwi. Anaingia yule anafuata."

"Na anayefuata ni nani?" nikauliza, mkono tayari kwenye bahasha ya alama.

Akaifunika kwa kiganja chake. "Hapana, madam. Kwanza tuandike kanuni. Aba herega anasema zamu kabla vumbi ya ng'ombe haijaonekana."

Tukaandika, tukatia sahihi: nafasi ishuke kwa mtambo unaofuata wa shule isiyo na nafasi, wowote ule, na alama zisiguswe. Nilitia sahihi haraka. Nikiri hapa: nilikuwa na hakika anayefuata ni Talaso.

Tulijumlisha. Wa pili, Garbatula. Talaso wa tatu, nyuma yao kwa alama mbili.

Niliitafuta karatasi yangu mwenyewe. Kwenye mstari wa ufasaha wa maelezo wavulana niliwapa nane kati ya kumi, Talaso nne. Nne! Kwetu shuleni mwanafunzi akiteleza kutoka Kiingereza hupunguziwa alama, na mkono wangu ulifanya ulichozoea wakati masikio yangu yakifurahia kila neno lake. Bwana Galgalo aliiona, akanitazama. Sahihi yangu ilikuwa pale mezani, wino haujakauka.

Nilitoka kumweleza Talaso mwenyewe. Nilimweleza habari ya zamu, na alama zangu pia sikumficha. Alisikiliza akiwa ameshika kopo lake.

"Zamu ni haki, madam," alisema. "Lakini uliniuliza kwa Kiswahili."

Jumamosi nilirudi Chuka, nikivaa tena sweta na shali kadiri barabara ilivyopanda, bila hamu ya kuzungumza na mtu. Nilikwenda kuwa jaji, nikajifunza jinsi ya kugawa nafasi kwa haki: kanuni iandikwe kabla ya majina kujulikana, na aliyekwisha kupata awapishe wengine. Tangu hapo nimeifundisha kila mahali nilipoitwa kuamua. Ila Talaso hakwenda Embu, na aliyemzuia hakuwa mwenye gari, wala mkuu wa shule, wala kanuni. Nilikuwa mimi, niliyemwelewa kuliko wote ukumbini.