Jua la Scolastika Ndani ya Boksi

Scolastika Mabula wa Kharumwa ni binti wa Mabula Maige, aliyechimba kisima cha kanisani kwa sururu, na mjukuu wa Paskalia, aliyewakimbiza wezi wa ng'ombe kwa mchi hadi wakaacha viatu. Nimewajua wote watatu. Hakuna aliyekuwa mtu wa kulialia.

Mumewe, Thobias, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu. Mwaka 2016, redio iliposema jua litapatwa, akanunua darubini kwa mpimaji mmoja aliyekuwa anahama. Akakata kioo cheusi cha kofia yake ya kuchomelea, akakibandika pale pa kuwekea jicho.

"Moto nautazama kutwa kwa kioo hiki," alisema. "Jua litanifanya nini? Mama Nelly, anza wewe, watu waone."

Hakujua kuwa darubini hulikusanya jua lote na kulimwaga papo hapo kwenye kioo. Scolastika akainama, akaweka jicho la kulia. Kioo kikalia ta, kikapasuka. Maumivu hakusikia. Kesho yake alimwangalia Nelly, bintiye, kwa jicho la kulia. Akaona masikio, uso hakuuona.

"Si ulikodoa mwenyewe," Thobias alimwambia.

Mama mkwe akampokonya ungo. "Chongo hapepeti mchele wangu. Tutakula mawe."

Kwenye karasha wakamwita Jicho Moja, na Thobias akicheka nao. Kisha akahamia Segese kwa mwanamke mwingine. Darubini akaiacha, kama alivyomwacha mke.

Siku moja Scolastika aliiegemeza mlangoni, jua likapita ndani yake, likaangukia ukutani, duara jeupe. Akasimama hapo mpaka uji ukaungua. Ndipo akaunda boksi la bati, karatasi nyeupe ndani, dirisha ubavuni, akalipigilia ribiti nyuma ya darubini ili jicho la mtu lisipate pa kuingia. Kidarubini cha kulengea, kilichokaa juu yake, aliking'oa. Yeye hulenga kwa kivuli cha darubini: kikifupika kabisa, jua limeingia. Watu wakaja kuona madoa ya jua kwenye karatasi, na kumwita Jicho Moja hawakuacha.

Mwaka huu Thobias alirudi, akitaka darubini yake akawaoneshe wachimbaji jua.

"Jua la karatasi? Wachimbaji watanicheka. Nelly, lete nyundo na patasi tulitoe hili boksi."

Nelly, msichana mkubwa sasa, alikuwa ameshainuka.

"Unalitaka na jicho hili lililobaki?" Scolastika akamwuliza mumewe.

"Hilo la nini? Mimi nataka macho ya vijana wa karasha."

Scolastika akamgeukia Nelly. "Ng'wanone," alimwita binti yake, "njoo unizibe jicho la kushoto. Haya, inua vidole."

Nelly akainua.

"Sijui ni vingapi. Uso wako nao sijui uko wapi." Akautoa mkono wa binti. "Mwezi wa nane 2027 jua linapatwa tena. Utakaa na boksi hili wewe. Akija mtu kulifungua, hata huyu baba yako, chukua jiwe uvunje lenzi. Usimbembeleze. Vunja."