Foleni ya Pangoni

Kaka yangu ni mchoraji wa kuta, na mama yetu hajawahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Kwake kazi ni kushona, kufundisha au kutibu. "Kupaka rangi hata mimi naweza," husema, kisha anamuuliza kaka ataoa lini.

Kwa hiyo kaka alipopewa kazi ya kupamba pango la bustani ya michezo, alijitosa mzima mzima. Pango lenyewe ni la saruji. Watu hupanga foleni humo wakisubiri kupanda treni ya kasi, ile ya kupigia mayowe. Kwanza alikaa siku tatu na saa mkononi akipima foleni inavyosogea. Hatua mbili, kusimama, hatua mbili. Ndipo akachora kisa cha mzee anayemtafuta punda wake, picha moja kwa kila pahali watu waliposimama, vyumba sita, ili ukiifikia treni uwe umeimaliza hadithi. Miaka miwili, shingo juu. Niliwasikia watoto kwa masikio yangu wakiomba foleni isisogee upesi.

Halafu mabwana wenye tai wakaleta mkanda wa kijani. Ukilipa zaidi unafungwa mkanda, unapita ujia wa pembeni hadi kwenye treni. Haraka haraka haina baraka, lakini pale ilikuwa na bei. Wenye mkanda hawakuona picha hata moja. Wasio nao waliiona moja kwa saa nzima, maana foleni ikitaka tu kusogea, kundi la kijani linaingizwa mbele. Siku niliyokuta watu wamekaa chini kwa uchovu, wamebandika ubani waliokwisha kuutafuna kwenye jicho la punda, nilishikwa na kinyaa. Nao wakubwa, bila haya, wakasema michoro haivutii wateja. Jumatatu kuta zingefunikwa matangazo.

Jumapili tukampeleka mama. Hatukumwambia habari za Jumatatu. Kaka hakutaka aje kwa huruma.

"Mimi nitasubiri kule mwisho," kaka alisema. "Nataka niuone uso wake akitoka."

Chumba cha kwanza tulisimama dakika arobaini mbele ya picha ileile: mzee ameinama, anafunga viatu, safari haijaanza. Kupitia wavu wa mlangoni tuliwaona wenye mikanda wakielekea ujia wao wakicheka, na bwana mmoja akatupungia mkono kama anayeaga wagonjwa. Nilitema mate. Sijutii.

Miguu ya mama ilianza kuvimba. Binti mwenye sare, msimamizi wa foleni, akamwona.

"Shikamoo mama. Si wewe mama yake fundi? Nilikuona ukiingia naye."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Jamani! Mwanao ndiye aliyelipamba pango hili, halafu wewe uteseke humu? Haiwezekani. Njoo huku." Akatoa mkanda wa kijani, akamfunga mkononi kwa mapenzi kabisa.

"Mama, ngoja," nikasema. "Ukipita huko hutaona kitu."

"Nina miguu miwili tu, na yote inauma," akanijibu, naye tayari ameshaushika mkono wa binti.

Niliwafuata. Ujia ule ni kuta nyeupe, taa, na mshale chini. Dakika moja tu, tukatokea upande wa pili.

Kaka alikuwa amesimama pale na shati lililopigwa pasi. Alipouona mkanda, uso ulimshuka. Akamsihi turudi nyuma, hata kwa kubebwa mgongoni. Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amevua viatu.

"Siku nyingine, baba. Lakini hicho chumba chako nimekiona," akasema, akimpapasa mkono. "Ni kizuri, sikatai. Ila niambie ukweli. Miaka miwili yote hiyo, ulikuwa unamchora mzee anafunga viatu?"

Nikafungua mdomo. Kaka akanikata kwa jicho.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni hicho tu."