Sindano ya Magoti

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha afya, huku Kabambare, titulere, yaani muuguzi mkubwa wa kituo, alinipa koti jeupe na onyo moja: "Mama, hapa mugonjwa asipodungwa anasema hakutibiwa." Nikacheka. Afadhali ningelia.

Wamama waliokoma kuona mwezi, yaani hedhi, walikuja wameshika magoti na viuno. Sisi tuliandika "rimatisi", ugonjwa wa viungo, tukawadunga dexa, dawa ya kutuliza uvimbe. Kesho yake mama anabeba kitunga cha mihogo. Baada ya miezi mashavu yamejaa, majirani wanamsifu: "Umenona!" Tulijiona waganga kweli kweli. Aliyeipenda sindano hiyo kuliko wote ni yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, Zaina. Nilimdunga kwa mkono wangu, miaka na miaka.

Nikahamishiwa hospitali ya Kasongo. Huko ndiko walikomleta yaya kwa pikipiki, nyonga imevunjika. Aliteleza jikoni, basi.

"Nani alimupa dexa wakati wote huu?" aliuliza daktari mkurugenzi.

"Ni mimi."

Hakupiga kelele. Alinieleza kwamba mwezi ukikoma, homoni inayolinda mifupa inapungua, mifupa inakonda. Dexa ya muda mrefu inazidi kuila. Dawa za kurudisha homoni zipo na husaidia mifupa, ila mama apimwe kwanza, maana haziwafai wote. "Na mwenye kuzoea dexa usimukatie ghafula. Mulete kwangu."

Nikamwambia yaya: "Ni mimi nilikuharibu." Akageukia ukuta siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Rudi Kabambare, uwaambie wengine."

Nikaomba kurudishwa. Wamama walinitukana, eti nawaficha dawa. Aka! Sikudunga goti hata moja. Niliwatuma kwa daktari, nikawahimiza kula ndakala, wale dagaa wakavu, pamoja na miiba yake, mpaka pensheni ikanikuta bado nabishana.

Sasa yaya anaishi kwangu. Juzi mama jirani alileta kichupa cha dexa, amekifunga kwenye kona ya kitenge.

"Unidunge moja tu. Magoti iko inaniuma."

"Sidungi. Uende kwa daktari, Kasongo."

"Mbona yaya yako ulimudunga!"

Kabla sijajibu, yaya alishika ukuta, akaanza kuinuka kutoka kwenye kigoda. Tukangoja. Akapumzika katikati, akaendelea. Tulingoja sana.

Aliposimama wima, yule mama alikuwa ameshanikabidhi kichupa.

"Huyo daktari," akaniuliza, "anapokea watu siku gani?"