Jeneza la Bi Fengxian

Bi Fengxian hakuiamini biashara ya mtandaoni, na mimi sikumlaumu. Hapa kijijini kwetu Shandong tunatengeneza majeneza mepesi ya Wajapani, ya kuchomwa pamoja na maiti. Wanaagiza kwa simu kutoka ng'ambo ya bahari, na tangu waanze barabara imetiwa lami, vijana wamerudi kutoka mjini Qingdao, hata yule mlevi Lü ana ghorofa. Neema ya ghafla namna hiyo mimi huitazama kwa jicho la pembeni.

"Mtu anunue jeneza bila hata kuligonga ubao?" Bi Fengxian alikuwa akiniuliza. "Huyo ni mteja au jini?"

Lake aliligonga mwenyewe siku mwanawe Baoshu alipomletea, kama mtoto mwema afanyavyo kwetu mzazi angali hai. Ni la mberoshi, nene, na kila mwaka Baoshu hulipaka rangi ili mama aishi sana. Mama alihifadhia ngano humo, raha mustarehe, mpaka mkewe Baoshu, Qiuju, ambaye ndiye muuzaji wa mtandaoni, alipokuja kulipiga picha.

"Ya nini hiyo?"

"Wateja wanapenda vitu vya asili, mama."

"Kuviona au kuvibeba?"

Qiuju akacheka tu. Kuanzia hapo Bi Fengxian hakutoka hata kwenda sokoni.

Jana lori la bandarini liliingia uani. Bi Fengxian akamwaga ngano sakafuni, akapanda ndani ya jeneza, akalala chali.

"Mkilichukua, mnichukue na mimi! Wezi wakubwa nyie!"

Sisi wapiga msasa wa karakana ya Baoshu tukakimbilia ndani. Baoshu akaapa kuwa lori limefuata yale mepesi tu. "Haki ya nani, mama, lako haliuzwi!" Ilikuwa kweli, na mama akaanza kuinuka, uso umemshuka kwa aibu.

Hapo Qiuju akapiga yowe mlangoni. Simu yake ilikuwa hewani muda wote, ikiwarushia wateja video moja kwa moja. Wateja wa ng'ambo walikuwa wamemwona bibi akilala, na maagizo yalikuwa yakimiminika.

"Mama," Baoshu akasema, kwa upole ulionitia shaka, "hebu lala tena kidogo."

Iliniuma sana. Bi Fengxian akatoka, akajipangusa ngano.

"Lala wewe."

Tukaangua kicheko, maana kwetu mtoto akilala humo anajiombea kumtangulia mzazi wake kaburini. Baoshu hakucheka. Aliitazama simu ya mkewe, akavua viatu, akaingia.